Mtoto Acheze Nje, Mlezi Apangilie
Mhadhara kwa walezi na wazazi wa watoto wadogo, Babati, Manyara



Nianze na ratiba. Vituo vingi vya kulelea watoto wadogo mchana vina ratiba iliyobandikwa ukutani, na kila saa imepewa kazi yake: mapokezi na ukaguzi wa usafi, nyimbo, hesabu, lugha, uji, kulala, kurudi nyumbani. Michezo ya nje nayo imo, mara nyingi kwa neno moja tu, "michezo", limebanwa kati ya uji na kipindi kinachofuata. Fungua sasa daftari la maandalio. Kipindi cha hesabu kina lengo, zana na hatua. Michezo haina hata mstari mmoja. Muda ukifika mlango unafunguliwa, watoto wanatoka, mlezi anavuta kiti kivulini apumzike au asahihishe madaftari. Siku mgeni akija, au mvua ikitishia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kufutwa.

Nimekuja kutetea jambo moja. Muda wa nje ni kazi ya kituo kama kazi nyingine, na unastahili kuandaliwa kwa umakini uleule tunaoupa kipindi cha hesabu, na zaidi. Lakini kinachoandaliwa ni sehemu ya mtu mzima: kiwanja, saa, msimu, vifaa na jicho lake. Mchezo wenyewe aachiwe mtoto. Tukiyachanganya haya mawili tunaharibu pande zote: ama tunawaacha watoto wahangaike peke yao kwenye uwanja mtupu, ama tunawapanga mistari na kuwapulizia filimbi mpaka mchezo unageuka gwaride.

Tupige hesabu kwanza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 kwa siku za kuushughulisha mwili, na akifikisha miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka mpaka aheme. Unasema pia asifungwe kwenye kiti au mbelekoni zaidi ya saa 1 mfululizo. Sasa mchukueni mtoto wa Bagara au Maisaka anayeletwa kituoni saa 1 asubuhi kwa bodaboda na kuchukuliwa saa 10 jioni. Kituo kimempa nusu saa ya nje. Dakika 150 zilizobaki atazipata wapi? Zamani tungejibu mara moja: mtaani. Alikuwepo bibi, walikuwepo kaka na dada, na kiwanja cha jirani kilikuwa wazi. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mwaka 2002 mji umejaa, viwanja vimezungushiwa ukuta, bajaji na bodaboda zinapita mpaka uchochoroni. Mtoto akifika nyumbani saa 11 anafungiwa getini, na mara nyingi anawashiwa televisheni. Kwa hiyo kituo kikimnyima kiwanja, hana kingine.

Na wala hatumfanyii hisani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unautaja mchezo waziwazi katika ibara ya 31. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unaurudia katika ibara ya 12. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayosimamia vituo vyenu, inayaweka mapumziko ya mtoto safu moja na afya, elimu na malazi. Kisha Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowaangalia watoto tangu mimba mpaka miaka 8. Makaratasi tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni uwanja uliofagiwa na mlezi aliyejua tangu jana yake atawapa watoto nini.

Ninajua pingamizi linalotoka kwa wazazi, kwa sababu mimi pia ni mzazi na nimelisikia kwenye vikao vingi: "Nimelipa ada mwanangu asome, siyo acheze. Mwenzake wa jirani ana miaka 3 na tayari anaandika a, e, i, o, u." Mzazi anayesema hivyo anampenda mtoto wake. Anataka asije akachekwa darasa la awali. Naomba basi tumjibu kwa heshima, kwa kumwonyesha.

Mtazameni mtoto wa kike wa miaka 3 aliyechuchumaa kwenye mchanga, ana kopo la maziwa na chupa tupu ya maji. Anataka kuhamisha mchanga kutoka kwenye kopo uingie kwenye chupa. Anamimina, mchanga unamwagika pembeni kwa sababu mdomo wa chupa ni mdogo. Anarudia. Mara ya tatu au ya nne anaacha kumimina, anachukua mchanga kwa vidole vitatu, kidogo kidogo, anaudondoshea ndani. Baadaye anaokota jani, analikunja, analiweka mdomoni mwa chupa, naye amepata mrija wa kumiminia ambao hakuna aliyemfundisha. Vile vidole vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli. Kule kupima kwa macho, huku kwingi na huku kidogo, ndiyo hesabu inayoanza. Na ule uvumilivu wa kurudia jambo lililoshindikana hauna kipindi chake kwenye ratiba yoyote, lakini bila huo darasa la kwanza litamshinda. Mkono usiowahi kuning'inia kwenye tawi, kubeba ndoo yenye maji nusu wala kukanda udongo, tukiulazimisha kushika kalamu unachoka baada ya mstari mmoja, kisha tunasema mtoto ni mzito. Mtoto si mzito. Bega na kiganja chake havijakomaa, na kiwanja ndicho kinachovikomaza.

Lugha nayo. Babati ni mji wa makabila: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig na wengine waliokuja na kazi au biashara. Tunao watoto wanaofika kituoni wakiwa na Kiiraqw au Kirangi tu, na Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Ndani ya darasa mtoto huyo ananyamaza, kwa sababu kila anachoulizwa kina jibu moja, na analiogopa. Mpeleke nje mpe upande mmoja wa tairi. Atasikia "sukuma!", "ngoja!", "zamu yangu!", "shika hapa!", na kila neno lina kitendo chake mbele ya macho. Baada ya wiki chache naye anapiga kelele zilezile. Sijaona njia nyingine ya kumfundisha Kiswahili mtoto wa miaka 4 inayoikaribia hiyo.

Haya, tupange. Watu wengi wakisikia kupanga michezo ya nje wanawaza bembea za chuma na vitelezi vya rangi, na wakiuliza bei wanakata tamaa. Naomba tuanze mahali pengine kabisa, kwenye hali ya hewa, maana Babati ina mwaka wake.

Tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Kwaraa na kando ya Ziwa Babati. Juni mpaka Agosti asubuhi ni baridi na upepo unakata masikio. Kumtoa mtoto nje saa 2 wakati huo ni kumwonea. Ratiba igeuzwe: ndani kwanza, uji wa moto, kisha nje kuanzia saa 4 jua likishapanda. Michezo ianze na mbio: kombolela, kidali po, kukimbiza tairi, kuruka kamba. Ile ya kukaa, kama mdako na kupanga mawe, ifuate mwili ukishapata moto. Msimu huo pia ndio wa mavuno, na hapa Babati imetajirika kuliko duka lolote la vifaa vya watoto. Magunzi ya mahindi, mabua, maganda ya mbaazi, vichwa vya alizeti vilivyopukuchuliwa: haya ni matofali, ng'ombe, magari, masufuria na pesa za mchezo. Gunia moja la magunzi makavu, yaliyoanikwa vizuri yasiwe na ukungu, linatosha watoto 20 kwa miezi kadhaa.

Septemba na Oktoba mambo yanageuka. Jua ni kali na vumbi ni jekundu. Hapo watoke mapema, saa 2 mpaka saa 4, waingie ndani, kisha watoke tena baada ya saa 9 alasiri. Uwanja unyunyiziwe maji kabla hawajatoka, kwa ajili ya vifua vyao na kwa ajili ya funza wanaopenda udongo mkavu wa vumbi. Hiki ndicho kipindi cha michezo ya maji, hata yakiwa ndoo moja: kumimina, kuchora ukutani kwa brashi iliyolowekwa na kutazama mchoro ukikauka na kutoweka. Kama maji ni ya shida, na kwetu mara nyingi ni ya shida, maji hayohayo yaliyochezewa yanamwagiwa miche. Maji ya kunywa yawe karibu na uwanja, kila mtoto na kikombe chake, naye akumbushwe kunywa, kwa kuwa mtoto aliyenogewa hatakumbuka kiu mpaka kichwa kimuume.

Kuanzia Novemba au Desemba mpaka Mei ni mvua na matope, na vituo vingi vinafunga milango. Nasikitika sana kuliona hilo, kwa sababu matope ni udongo uliokuja wenyewe bila gharama. Mtoto anafinyanga chungu, anajenga bwawa, anaona maji yakitafuta njia. Kinachotakiwa ni nguo moja chakavu ya kila mtoto inayobaki kituoni, na mlezi aliyewaambia wazazi mapema kwamba Jumatano ni siku ya udongo. Mzazi akiambiwa mapema hagombi. Anayegomba ni yule aliyemvalisha mtoto gauni jeupe bila kujua.

Lakini mvua ina mpaka wake, na hapa sitaki mtu achukulie mambo kirahisi. Sisi wa Manyara tuliona Desemba 3, 2023, kule Katesh wilayani Hanang, maji na matope yaliyoshuka mlimani yalivyoondoka na maisha ya watu na nyumba zao. Kila kituo kiyajue makorongo yaliyo karibu nacho na mahali maji ya kutoka juu yanapopita. Radi ikilia, wote ndani. Mtaro unaotiririka si mahali pa mtoto hata kama kina chake kinafika kifundo cha mguu tu, na siku za mvua kubwa mtoto asirudi nyumbani bila mtu mzima.

Baada ya msimu, kiwanja. Naomba kila mlezi afanye zoezi hili kabla ya kuagiza chochote: achuchumae mpaka macho yake yafike kimo cha mtoto wa miaka 2, kisha azunguke uwanja wake hivyo hivyo. Ataona asichokiona akiwa amesimama. Waya wa uzio uliochomoza uko usawa wa jicho. Kuna msumari kwenye mguu wa benchi, chupa iliyovunjika kwenye majani, na shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa bati lililooza. Hilo la mwisho lifukiwe siku hiyohiyo.

Aangalie na mimea. Uzio wa minyaa ni wa kawaida kwetu, ni wa bei rahisi na mifugo haiupiti. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kudhuru uoni, na mtoto anapenda kuvunja vijiti vyake laini kwa sababu vinatoa kitu kama maziwa. Kama huwezi kuung'oa uzio wote, weka ua wa pili wa miti au magunia hatua mbili ndani yake. Mbarika nao, wenye mbegu nzuri za madoadoa ambazo mtoto hutaka kuzifanya shanga: mbegu hizo zina sumu kali zikitafunwa. Ung'oeni wote. Pandeni badala yake mti wa kivuli, na kama mnao mwembe au mkuyu mzee, utunzeni, maana kivuli chake hakuna turubai litakalokipa.

Kifaa cha kukwea kisizidi kimo cha kifua cha mtoto atakayekitumia, na chini yake pasiwe na saruji wala udongo uliokanyagwa ukawa mgumu. Wekeni mchanga wa mto wa kina cha sentimita 30 hivi, upekuliwe kila asubuhi kwa reki kutafuta vitu vyenye ncha, na usiku ufunikwe turubai ili paka na mbwa wasije kujisaidia humo wakawaachia watoto minyoo. Tairi chakavu ni rafiki mkubwa wa kituo, lakini litobolewe matundu chini, la sivyo linatunza maji ya mvua na kuzalisha mbu. Na lile lililochanika mpaka nyuzi za chuma zikatokeza lisiingie kabisa. Mlangoni pawe na kibuyu chirizi na sabuni, kila anayerudi ndani anawe. Na kwa kuwa nimegusia maji: katika mikoa yetu ya kaskazini yako maeneo yenye floridi nyingi kwenye maji ya visima, ambayo huharibu meno ya watoto na ikizidi sana hata mifupa. Kituo kinachotumia kisima kiulize mamlaka ya maji kabla ya kuwanywesha watoto wa watu.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu tayari mmeona kwamba vipo shambani na jikoni. Wanaodhani hiyo ni njia ya maskini watazame Mombasa. Miaka ya 1980 wazazi wa Kiislamu wa pwani walitaka watoto wao wapate malezi ya awali yenye dini yao na yatakayowafaa shuleni. Mwaka 1986, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, Bi Swafia Said alianza kuwafundisha akina mama wa mtaani kuwa walimu, na zana zao zikawa vifuu vya nazi, mbegu, makopo, vitambaa na simbi za baharini. Mpango huo wa madrasa ulienea Zanzibar na Uganda, na watu wametoka mbali kuja kujifunza kwao. Ulaya pia, nchini Denmark, mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen alikuwa ameona kwamba watoto huviacha viwanja vilivyopambwa na kwenda kucheza kwenye mabaki ya ujenzi. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kikafunguliwa Emdrup kiwanja cha mbao, matofali na vyuma chakavu kilichofuata wazo lake. Sisi tulichonacho Babati ni hicho alichokitafuta yeye.

Sasa jicho la mlezi, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kiwanja kizuri bila mtu anayetazama ni hatari, na kiwanja duni chenye mlezi anayetazama kinaweza kuwa chuo. Kutazama kunapangwa. Kabla watoto hawajatoka, walezi wagawane uwanja: wewe uko kwenye mchanga, mwenzako kwenye tairi na kamba, wa tatu anazunguka na anahesabu watoto. Wahesabiwe wakitoka, katikati, na wakiingia. Simu zikae ndani, isipokuwa moja ya dharura. Vikao vya walezi kwa walezi kivulini, ambavyo najua vinavutia kwa mtu aliyechoka, visubiri watoto walale.

Na akishatazama, asiwahi kuingilia. Watoto wawili wakigombea tairi, mlezi asikimbilie kulinyang'anya. Asogee karibu, achuchumae, angoje kidogo. Mara nyingi mmoja atasema, "Wewe sukuma, mimi nikae ndani," na ugomvi umekwisha kwa akili yao wenyewe. Mkono ukiinuka kupiga, hapo ndipo aingie, kwa sauti ya chini. Vivyo hivyo mtoto aliyepanda gogo akasita. Usimwinue umweke juu wala usimshushe. Simama pale unapoweza kumdaka, umwache aamue. Mtoto aliyewekwa juu na mtu mwingine hajui kushuka, na huyo ndiye anayeanguka.

Katika mkoa huuhuu, bonde la Yaeda wilayani Mbulu, wanaishi Wahadzabe, na watafiti wengi wamekaa miaka nao wakiangalia watoto wao. Mtoto wa Kihadzabe akishaachishwa ziwa na kutembea vizuri huingia kwenye kundi la watoto wa umri mchanganyiko, wakubwa na wadogo, wakicheza kuzunguka kambi, wakichimba mizizi, wakivunja mabuyu. Mdogo anamtazama mkubwa, mkubwa anajifunza kumsubiri mdogo. Sisemi tuwaige katika kila kitu. Maisha ya mjini ni mengine na barabara zetu ni nyingine. Lakini vituo vyetu vimewatenga watoto kwa miaka, wa 2 huku, wa 3 kule, wa 4 chumba chao, na wanaotenganishwa ndani wanatenganishwa na nje. Walau mara mbili au tatu kwa wiki watoke pamoja, walezi wote wakiwepo. Mtamwona mtoto wa miaka 4 anayesumbua darasani akimshika mkono mwenzake wa miaka 2 na kumfundisha kuvuka gogo kwa upole ambao hamkujua anao.

Matembezi nje ya uzio nayo yapangwe, walau mara moja kwa mwezi: shamba la jirani, karakana ya seremala, zizi la ng'ombe. Chukueni kamba ya katani yenye fundo kila baada ya hatua, kila mtoto ashike fundo lake, mlezi mmoja mbele na mmoja nyuma. Njia ipitiwe jana yake. Ufukwe wa ziwa usiwe mahali pa matembezi ya watoto wadogo. Ziwa letu lina viboko, na viboko hawana urafiki.

Nimalizie kwa wale wanaobaki pembeni, maana kila kiwanja kina watoto wanaosimama ukutani. Wa kwanza ni mtoto mwenye ualbino. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko nchi nyingi duniani. Mtoto huyu hafungiwi ndani. Anapangiwa: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, michezo ya kivulini yenye mvuto kiasi kwamba wenzake wanamfuata huko, na kwa kuwa macho yake yanaumizwa na mwanga, vifaa vya rangi inayoonekana. Wa pili ni mtoto mwenye ulemavu wa miguu. Mchanga ukiwekwa kwenye sufuria kubwa au beseni juu ya meza, kiti chake kikaingia chini yake, anacheza na wenzake bega kwa bega. Wa tatu ni mtoto wa kike anayeambiwa "kaa vizuri, utachafuka". Mnunulieni kaptura.

Wa nne anaumiza moyo zaidi kwa sababu tunamsifu. Ni yule mpole, hasumbui, amekaa pale alipowekwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mtoto mwenye njaa hakimbii. Mwili wake unabana matumizi. Mlezi anayetazama kwa makini uwanjani ndiye atakayemgundua kabla ya mizani ya kliniki, na hapo kazi yake ni kuzungumza na mama kwa staha, kumwelekeza kituo cha afya, na kuhakikisha uji wa kituo una mbegu za mafuta na maziwa au karanga, siyo maji na unga peke yake. Jijini London, Margaret McMillan na dada yake Rachel waliwatibu watoto maskini wa Deptford wakaona wanarudi na maradhi yaleyale, na mwaka 1914 wakaanzisha shule ya watoto wadogo iliyokuwa karibu yote nje, kwenye bustani, hewa na jua, na chakula juu yake. Walielewa kwamba kiwanja na sahani haviachani. Nasi hatuna sababu ya kuviachanisha.

Ombi langu kwa walezi ni dogo: Jumatatu ijayo, kwenye daftari la maandalio, andikeni ukurasa mmoja wa muda wa nje. Saa ngapi, kwa hali gani ya hewa, vifaa gani, nani anasimama wapi, na mtoto gani leo mnamtazama kwa karibu. Jioni andikeni mlichokiona. Kwa wazazi naomba nguo chakavu moja na, baada ya mavuno, gunia la magunzi. Na kwa Halmashauri ya Mji na wenyeviti wa mitaa: maeneo ya wazi yaliyobaki Babati yapimwe, yawekewe alama, yasiuzwe. Kituo kisicho na kiwanja kipewe haki ya kutumia eneo la jirani kwa saa zinazojulikana, na kisichoweza kupata hata hilo kisiruhusiwe kupokea watoto.